Mwalimu wa Kiswahili na Mafunzo ya Kazini nchini Kenya: Historia ya Haja Isiyosikilizwa

Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika shule za Kenya imezoeleka kusimuliwa kama historia ya tume na ripoti zake. Hutajwa Tume ya Ominde ya mwaka 1964, Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 na Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Hutajwa vilevile sheria na katiba. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yana pengo. Kila tume ilipomaliza kazi yake na kutia sahihi ripoti yake, alibaki mtu mmoja aliyetakiwa kuyageuza mapendekezo yale kuwa somo la dakika thelathini na tano mbele ya watoto. Mtu huyo ni mwalimu. Tume zilimwambia afundishe nini. Ni mara chache zilipomwuliza anahitaji nini ili aweze kukifundisha.

Makala haya yanalichunguza jambo hilo kwa njia ya historia. Swali lake ni hili: mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya, akiisha kutoka chuoni na kuingia kazini, amekuwa akitafuta nini katika mafunzo ya kumwendeleza, na amekuwa akipewa nini? Itaonekana kwamba mambo anayoyatafuta hayakubadilika sana kutoka kizazi hadi kizazi, nayo ni manne. Kwanza, kuimiliki lugha yenyewe na kuijua kwa undani unaozidi ule wa wanafunzi wake. Pili, kupata njia za kufundishia zinazoweza kutumika katika darasa alilo nalo, kwa vitabu alivyo navyo. Tatu, kuwa na mwenzi mjuzi wa kumtazama akifundisha na kumkosoa bila kumwaibisha. Nne, kutambuliwa kwa cheo na mshahara. Kilichobadilika ni mambo aliyopewa. Na aghalabu aliyapewa moja moja, likikumbukwa hili na kusahauliwa lile.

Mwalimu wa kutembea

Wazo la kumwendeleza mwalimu aliyekwisha kuingia kazini si geni nchini. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata, 1925, ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete. Jina hilo lilitokana na Anna T. Jeanes wa Philadelphia, aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za watu weusi katika sehemu za mashambani kusini mwa Marekani. Utaratibu wake ulikuwa kuwachukua walimu waliokwisha kufanya kazi, pamoja na wake zao, kuwafunza, kisha kuwarudisha makwao ili wazizungukie shule za vijijini, wawashauri walimu wenzao na kuwaonyesha kwa vitendo.

Yako mengi ya kuishutumu Shule ya Jeanes. Elimu iliyoikusudia ilikuwa ya kumfaa Mwafrika wa shambani, ya ufundi wa mikono na usafi wa nyumba, na wazazi wengi wa wakati ule walitambua upesi kwamba watoto wao walikuwa wakitengewa njia fupi. Hata hivyo, ukiliweka kando lengo lake ukautazama utaratibu wake peke yake, huonekana jambo la maana: mafunzo yalimfuata mwalimu shuleni kwake. Mshauri hakumwita mwalimu mjini akamhutubie. Alikwenda, akakaa nyuma ya darasa, akatazama. Utaratibu huo utatoweka na kurudi mara kadhaa katika historia hii, na kila urudipo hujaribiwa kana kwamba haujapata kuwako.

Usanifishaji na mwalimu

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoziunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kamati hiyo ilikuwa na mamlaka ya kuvipitia vitabu vya shule na kuviidhinisha, na mwaka 1939 zilitoka kamusi zilizosimamiwa na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson. Katika miaka yake ya kwanza Kamati haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mgogoro wa Kimvita na Kiunguja. Lisilotiliwa mkazo ni kwamba usanifishaji ulizaa haja mpya ya mafunzo, na haja hiyo ilikuwa ya namna mbili zisizofanana. Mwalimu wa Mombasa alikuwa na lugha tele. Aliijua methali na mahali pake, alilijua shairi na mizani yake. Lakini alisema ndia, mato na teka, na vitabu vilivyoidhinishwa vilisema njia, macho na cheka. Alichohitaji ni kuelezwa uhusiano wa lahaja yake na lugha sanifu, ili aweze kumwongoza mtoto kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kumwambia kwamba lugha ya mamake ni makosa. Mwalimu wa bara, kwa upande wake, hakuwa na mzozo wa lahaja. Alikuwa na lugha yenyewe ya kujifunza. Msemaji wa Kidholuo, ambaye lugha yake ya kwanza haina mfumo wa ngeli wa Kibantu, alihitaji kufundishwa upatanisho wa kisarufi tangu mwanzo. Msemaji wa Kikuyu alizijua ngeli kwa kuzaliwa nazo, lakini zake hazikulingana na zile za Kiswahili kila mahali, na sauti za r na l zilimtatiza.

Walimu hawa watatu hawawezi kufunzwa kwa semina moja. Anayefahamu misingi ya ufundishaji wa lugha atakubali kwamba la kwanza katika kumwendeleza mwalimu wa lugha ni kuijua hali yake ya kilugha. Hata hivyo, katika miongo yote iliyofuata, mwalimu wa Kiswahili alichukuliwa kuwa mtu mmoja, na tofauti ya Pwani na bara ikaachwa iwe jambo la mzaha katika vyumba vya walimu. Mpwani alidhaniwa kuwa anajua kila kitu, hivyo hahitaji mafunzo. Mbara alidhaniwa kuwa anaweza kujifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu. Wote wawili walikosa.

Fedha za Kiingereza, ufukara wa Kiswahili

Miaka ya 1950 ilikuwa migumu kwa Kiswahili. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilikuwa imekwisha kuifungulia njia fikira ya kukipunguzia Kiswahili nafasi shuleni. Ujumbe wa Binns, uliozuru Afrika ya Mashariki na ya Kati katika miaka ya 1951 na 1952, ulikiona kuwa kizuizi kwa lugha za kienyeji na kwa Kiingereza pia, ukapendekeza kiondolewe mahali kisipokuwa lugha ya mama. Mwaka 1957 kilianzishwa Nairobi kituo maalumu cha kujaribu kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Majaribio yalianza katika madarasa ya watoto wa Kiasia, yakaenea baadaye katika shule za Waafrika, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 yalijulikana kama Njia Mpya ya Shule za Msingi.

Kwa somo la makala haya, Njia Mpya ina umuhimu wa pekee. Ilikuwa na karibu kila kitu ambacho mwalimu wa lugha hukitafuta. Walimu walipewa kozi kabla ya kukabidhiwa madarasa. Walipewa vitabu vya mwongozo vilivyoonyesha somo hatua kwa hatua. Na walitembelewa na wasimamizi waliokuja kusaidia. Ilipokuwa katika madarasa machache ilifaulu. Ilipotanuliwa kwa haraka baada ya uhuru, wasimamizi wakawa wachache kuliko shule, ziara zikapungua, na mwalimu akabaki na kitabu cha mwongozo pasipo mtu wa kumweleza. Hapo ubora wake ulianza kushuka. Funzo lake ni wazi: nguvu ya Njia Mpya haikuwa katika vitabu vyake tu, ilikuwa pia katika kule kutembelewa.

Lakini yote hayo yalitendwa kwa ajili ya Kiingereza. Hakuna mpango wa ukubwa huo uliotengwa kwa mwalimu wa Kiswahili. Watu walipokuja kulalamika baadaye kwamba watoto wa Kenya hukisema Kiswahili kibovu, lawama ilitupiwa mwalimu, au mtoto, au mitaa ya Nairobi. Ni wachache walioikumbuka hesabu hii ya zamani: lugha moja ilipewa wasimamizi, magari na vitabu, na nyingine ikaachwa ijitegemee.

Somo la lazima lisilopimwa

Tume ya Ominde, katika ripoti yake ya mwaka 1964, ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia na ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Kwa karatasi, huo ulikuwa ushindi. Kwa vitendo, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliendelea kuwa na Kiingereza, Hisabati na Maarifa ya Jumla. Somo lisilotahiniwa hudharauliwa na wazazi, na mwalimu mkuu hulipangia saa za alasiri, wakati watoto wamechoka. Kipindi cha Kiswahili kiliweza kukabidhiwa mwalimu yeyote aliyekuwa na nafasi, kwa dhana kwamba lugha inayosikika sokoni haihitaji kusomewa.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 lilitokea jambo linalofunua vizuri haja za walimu. Chuo Kikuu, kupitia kitengo chake cha elimu kwa njia ya posta huko Kikuyu, kilianzisha masomo yaliyoambatana na vipindi vya redio, yakiwalenga hasa walimu wa shule za msingi waliokuwa na elimu haba. Walimu wa wakati ule walipangwa kwa madaraja, P4, P3, P2 na P1, na aliyefaulu katika mtihani wa kidato cha pili aliweza kupanda daraja na kuongezewa mshahara. Walimu walijiandikisha kwa wingi. Walisoma usiku kwa taa ya mafuta, wakatuma majibu yao kwa posta na kungoja yarudi yakiwa yamesahihishwa.

Wako wanaosema kwamba walimu hao walifuata mshahara wala hawakufuata elimu. Hoja hiyo haina uzito. Mwalimu wa daraja la P3 alikuwa na familia, na hapana aibu katika kutaka kulipwa zaidi kwa kujua zaidi. La kuangaliwa ni kwamba mpango ule uliviunganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida hutenganishwa: maarifa ya somo lenyewe na utambuzi wa kazi. Palipo na viwili hivyo, mwalimu hakuhitaji kulazimishwa. Upungufu wake ulikuwa katika yale mengine mawili. Aliyesoma kwa posta aliongeza elimu yake, lakini hakuna aliyemfuata darasani kuona kama elimu ile ilikuwa imebadili ufundishaji wake.

Upungufu huo ulijaribiwa kuzibwa kwa Vituo vya Ushauri wa Walimu, vilivyoenea wilayani katika miaka ya 1970. Mshauri alitakiwa kuwa mwalimu mwenye ujuzi, anayezizungukia shule za eneo lake. Yaani, yule mwalimu wa kutembea wa Kabete alikuwa amerudi kwa jina jingine. Lakini mshauri mmoja alihudumia masomo yote na shule nyingi, na mara nyingi bila chombo cha usafiri. Kwa mwalimu wa Kiswahili, kufikiwa na mtu anayeijua sarufi ya Kiswahili barabara ilikuwa bahati.

Mwaka 1985 na yaliyofuata

Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na litahiniwe. Pendekezo hilo lilikuja kutimizwa na mfumo wa 8-4-4, ulioanza Januari 1985. Mwaka huo huo, watoto waliokuwa wamemaliza darasa la saba waliingia darasa jipya la nane, na mwisho wake wakafanya mtihani wa kwanza wa KCPE, uliokuwa na Kiswahili ndani yake. Watoto waliopita miaka saba wakijua kwamba Kiswahili hakipimwi walipewa mwaka mmoja wa kujitayarisha. Walimu wao pia walipewa mwaka huo huo mmoja. Mwaka 1989 ukafika mtihani wa kwanza wa KCSE, na Kiswahili kikawa cha lazima katika shule za sekondari vilevile.

Ni shida kupata mfano mwingine katika historia ya elimu ya Kenya ambapo somo moja lilipanda hadhi kwa ghafula kiasi hicho na walimu wake wakaachwa wajitafutie njia. Semina ziliandaliwa, zikawa za siku chache, na nyingi zilishughulikia muundo wa mtihani na vitabu vipya. Yaliyowasumbua walimu yalikuwa ya ndani zaidi. Mfano mzuri ni ngeli. Mwalimu aliyesomea vitabu vya zamani alizijua ngeli kwa nambari au kwa viambishi vya nomino, yaani M-WA, M-MI, KI-VI na nyinginezo. Vitabu vipya vya Kenya vilizipanga kwa upatanisho wake katika sentensi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na kuendelea. Kwa mpango wa kwanza neno kipofu liko katika KI-VI. Kwa mpango wa pili liko katika A-WA. Mipango yote miwili ina hoja zake, na mwanaisimu ataieleza kwa raha. Lakini mwalimu aliye na watahiniwa arubaini hahitaji raha hiyo. Anahitaji kujua ni jibu gani litakalotiwa alama ya kosa, na zaidi ya hapo anahitaji kuelewa kwa nini, ili mwanafunzi atakapomwuliza asimjibu kwa ukali.

Mambo yaliongezeka kadiri mitaala ilivyorekebishwa. Ushairi huru, uliozusha mabishano makali tangu miaka ya 1970, uliingia darasani ukiwa umebeba mabishano yake. Fasihi simulizi ilipewa nafasi yake. Baada ya marekebisho ya mwaka 2002 isimujamii nayo ikawa sehemu ya kutahiniwa katika karatasi ya pili ya KCSE. Mwalimu aliyehitimu miaka ya 1970 hakuwa amesomea isimujamii hata kidogo. Alijifunza istilahi zake sambamba na wanafunzi wake, mara nyingine usiku wa kuamkia somo.

Katika hali hiyo walimu walijifungulia milango yao wenyewe, na milango hiyo ni ushahidi bora kuliko hojaji yoyote juu ya kile wanachokitafuta. Mlango wa kwanza ulikuwa utahini. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria mwaka 1980, huwafunza walimu kabla ya kuwakabidhi kazi ya kusahihisha. Mwalimu aliyepata nafasi hiyo alikaa na wenzake kutoka kila pembe ya nchi, wakabishana juu ya jibu moja hadi wakakubaliana, kisha akasoma insha mamia za watoto asiowajua. Alirudi shuleni akiwa ameona makosa ya nchi nzima, na akiwa na sifa mbele ya mwalimu mkuu. Maarifa, mbinu, wenzake na utambuzi, vyote vinne vilikutana hapo. Na kwa hiyo nafasi ya utahini iligombaniwa. Kasoro yake ni kwamba iliwafikia wachache, na iliwafunza kuupima ujuzi zaidi ya kuujenga. Shule yenye mtahini ilipata faida ambayo shule jirani haikuipata.

Mlango wa pili ulikuwa majopo ya somo katika wilaya, ambako walimu walikutana kutunga mitihani ya majaribio kwa pamoja na kufafanuliana vitabu teule vya fasihi. Mlango wa tatu ulikuwa vyama vya Kiswahili na makongamano yake. Kuundwa kwa Chama cha Kiswahili cha Taifa mwaka 1998 kulifungua mahali ambapo mwalimu wa sekondari angeweza kuketi na mhadhiri. Hata hivyo, mada nyingi za makongamano ziliandikwa na wahadhiri kwa ajili ya wahadhiri, na mwalimu aliyejilipia nauli aliondoka akiwa na mkoba wa kongamano na maswali yale yale.

Miradi mikubwa na masomo yaliyochaguliwa

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilirudi katika mafunzo ya kazini kwa nguvu mpya, ikisaidiwa na wafadhili. Mwaka 1998 ulianza mradi wa SMASSE, kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, kwa walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari. Mwaka 2001 ulianza mpango wa kuwaendeleza walimu wa shule za msingi wakiwa shuleni mwao, kwa vitabu vya kujisomea na kwa msaada wa walimu wenzao waliochaguliwa kuwa viongozi wa somo. Masomo ya kwanza ya mpango huo yalikuwa Kiingereza, Hisabati na Sayansi. Kwa mara nyingine Kiswahili, kilicho somo la lazima kwa kila mtoto wa Kenya, kilikaa nje kikitazama.

Zamu ya Kiswahili ilifika katika mradi wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015, ukishughulikia kusoma kwa Kiingereza na kwa Kiswahili katika madarasa ya mwanzo. Wale waliokuwa washauri wa vituo walipewa jukumu la kuwatembelea walimu, kutazama somo, na kuzungumza nao baadaye, wakiwa na vishikwambi vya kuandikia waliyoyaona. Mwalimu alipewa mwongozo wenye kila hatua ya somo. Anayeikumbuka Njia Mpya ya miaka ya 1960 hatashindwa kuona kufanana kwake: kitabu cha hatua kwa hatua pamoja na mgeni wa mara kwa mara. Tofauti ni kwamba safari hii Kiswahili kilipewa kiti mezani.

Mradi huo una wanaousifu na wanaoukosoa. Wanaoukosoa husema kwamba mwongozo unaomwekea mwalimu maneno kinywani humfanya mtekelezaji wa somo la mtu mwingine. Wanaousifu hujibu kwamba mwalimu asiye na hakika na lugha hupata tegemeo. Kila upande una ukweli wake, na historia huupatanisha kwa kukumbusha ni walimu gani wanaozungumzwa. Kwa mwalimu wa bara aliyepewa Kiswahili pasipo kukisomea, mwongozo ni ngazi ya kupandia. Kwa mwalimu wa Lamu au Mombasa aliyekulia ndani ya lugha, ngazi hiyo hiyo inaweza kuwa kizuizi mlangoni. Kosa la miaka ya 1930, la kumdhania mwalimu wa Kiswahili kuwa mtu mmoja, bado halijasahihishwa.

Sheria, ada na manung'uniko

Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 ilimtaka kila mwalimu ajiendeleze kitaaluma, na kukihuisha cheti chake cha kufundishia kwa kutegemea hilo. Mwaka 2021 Tume ilitangaza mpango wa kutekeleza sharti hilo: moduli sita, kila moja ikichukua miaka mitano, zitolewe na vyuo vinne vilivyoteuliwa, na mwalimu alipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu vilipinga vikali.

Upinzani huo ulielezwa na wengine kuwa uvivu wa kusoma. Historia iliyosimuliwa hapa haiungi mkono maelezo hayo. Walimu wa nchi hii walijilipia masomo ya posta, walilipa nauli kwenda kwenye makongamano, waligombania utahini. Hawajapata kukataa kusoma. Walichokikataa mwaka 2021 ni kulipia jambo walilolazimishwa, ambalo halikuwahakikishia cheo, na ambalo lilikuwa la jumla kwa walimu wa masomo yote. Mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa na haja ya kusaidiwa katika uchambuzi wa sentensi au katika ufundishaji wa ushairi alikuwa na haki ya kuuliza: katika moduli hizo, lugha yangu iko wapi?

Hitimisho

Yapo mambo matatu ya kuzingatiwa kutokana na historia hii.

La kwanza ni kwamba mafunzo ya kazini yaliyofaulu nchini Kenya ni yale yaliyounganisha walau mawili au matatu kati ya mambo manne yaliyotajwa mwanzoni. Masomo ya posta yaliunganisha maarifa na cheo. Njia Mpya na Tusome ziliunganisha mbinu na mwenzi wa kusaidia. Utahini uliunganisha yote, lakini kwa wachache. Semina ya siku mbili, inayotoa mbinu peke yake kwa mwalimu asiye na maarifa ya lugha wala mtu wa kumfuatilia, ndiyo iliyotolewa mara nyingi zaidi, na ndiyo iliyoacha alama ndogo zaidi.

La pili ni kwamba mwalimu wa Kiswahili hana budi kutambuliwa kwa hali yake ya kilugha. Maarifa ya mwalimu wa Pwani yatendewe kama hazina ya kufundishia wenzake, na haja za mwalimu wa bara zipimwe kulingana na lugha yake ya kwanza. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na afisa wa masomo yote. Ni kazi ya mwanaisimu.

La tatu linazihusu idara za lugha za vyuo vikuu. Kwa muda mrefu idara hizi zimemfunza mwalimu miaka michache kisha zikamwaga, zisikutane naye tena ila katika kurasa za kitabu teule au katika chumba cha kusahihishia mitihani. Tafiti za ngeli, za lahaja na za makosa ya wanafunzi wenye lugha mbalimbali za kwanza zimejaa katika maktaba zake, zikiwa zimeandikwa kwa lugha ya tasnifu. Hayo ndiyo maarifa ambayo mwalimu amekuwa akiyatafuta kwa posta, kwa redio na kwa nauli yake mwenyewe. Umbali kati ya rafu ile na ubao wake ni mfupi, na haujapata kuvukwa kwa mpango. Mwaka 2010 Katiba ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Heshima hiyo itabaki ya maandishi hadi pale mtu aliyekabidhiwa kuifundisha lugha hiyo atakapoulizwa, mapema na kwa dhati, anahitaji nini.